Moshi Ina Miezi 12

Nilihamia Moshi tarehe 6 Januari, siku ambayo kila mtu mwingine alikuwa anaondoka. Basi letu kutoka Dar lilikuwa na abiria 11. Niliwahesabu kwa sababu kuanzia Korogwe sikuwa na la kufanya. Upande wa pili wa barabara magari yalikuwa yanashuka kwa msururu, mikungu ya ndizi imefungwa juu ya keria, watoto wamelala mashavu yamegandamana na vioo. Kondakta akanitazama, akaangalia na mabegi yangu, akasema, "Dada, wewe unakwenda wenzako wanarudi. Umekosa kuhesabiwa."

Utani wa kuhesabiwa mnaujua. Kila Desemba nchi nzima inawacheka Wachagga kwamba wanakwenda Kilimanjaro kuhesabiwa, kama vile kuna karani amekaa pale Himo na daftari, na asiyefika anafutwa kwenye ukoo. Wenyewe wanaucheka pia, tena kwa sauti kuliko sisi. Mimi ni mtoto wa Temeke, baba Mndengereko, na utani huu nimeucheka na nimelipwa kwa ajili yake. Nilipokuwa riporta Dar, miaka 8 mfululizo, kila wiki ya pili ya Desemba nilitumwa stendi, kwanza Ubungo, baadaye Magufuli kule Mbezi, kuandika kwamba mabasi ya Moshi yamejaa na nauli zinalalamikiwa. Ilifika mahali ningeweza kuiandika bila kutoka ofisini. Mwaka 2019 nilipata bahati ya kubadilisha kichwa cha habari, maana treni ya abiria ya Moshi ilirudi baada ya zaidi ya miaka 20. Na ilirudi mwezi gani? Desemba, bila shaka.

Sasa nimekaa huku karibu miaka 2 na nina ugomvi. Si na Wachagga, wala si na wanaopanda basi kwenda kuwaona mama zao. Ni na sisi tunaoandika, na nyinyi mnaosoma na kutupigia makofi. Tumeiandika Moshi kama mahali penye wiki 2 kwa mwaka na mita 5,895 kwenda juu, basi. Juu kuna theluji, Desemba kuna mbuzi. Katikati hapo hatuna habari, na kibaya zaidi hatujui kwamba hatuna.

Nianze na mlima maana ndio rahisi.

Mwezi wa kwanza nilifanya kama kila mgeni. Asubuhi simu mkononi, jioni simu mkononi, maana mchana mlima hujifunika mawingu na huuoni tena. Siku moja ulikuwa umetoka wote, mweupe, mpaka nikasahau maji jikoni. Nikamwambia mama anayeuza maandazi jirani na kwetu, "Mama, leo umeuona?" Akauliza, "Nini?" Nikasema, "Mlima!" Akageuka taratibu kama mtu aliyeambiwa kuna mgeni mlangoni. "Ah, huo. Upo."

Nilidhani ni mazoea. Baadaye nikagundua kwamba yeye mlima anauangalia kuliko mimi, ila haangalii ninapoangalia. Mimi naangalia kilele. Yeye anaangalia pale chini ya kilele, kwenye mkanda wa msitu, wingu limekaa wapi na lina rangi gani, maana ana mahindi yake kule tambarare na anataka kujua. Wataalamu wanaoupima mlima huu wanasema jambo hilo hilo kwa lugha yao: mito na chemchemi zinaishi kwa msitu zaidi kuliko kwa barafu. Theluji inatupa picha, msitu unatupa maji. Sasa hesabuni wenyewe ni hadithi ngapi mmesoma zenye theluji ya Kilimanjaro, na ngapi zenye ule msitu.

Mwaka 1936 Ernest Hemingway alichapisha ile hadithi yake ya theluji za Kilimanjaro. Mhusika wake anakufa kwa kidonda kilichooza, kambini, huko nyikani. Hapandi mlima, hafiki hata kwenye migomba. Mlima unamjia mwishoni akikata roho, mweupe na mtupu. Hemingway simlaumu sana. Alikuwa mgeni, akaandika ugeni wake (na ni hadithi nzuri, nimeisoma mara 3). Ninaotulaumu ni sisi, tunaoandika kwa macho yale yale kwa Kiswahili, miaka yote hii baadaye, tukiwa na shangazi Kibosho.

Hata uhuru wenyewe tuliupandisha kileleni. Usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961, Alexander Nyirenda alisimika bendera na mwenge kule juu, na ni jambo la fahari, silibezi. Lakini ona tulivyo: kilele tena, Desemba tena.

Niliwahi kuombwa kusoma miswada ya shindano dogo la hadithi fupi. Kati ya hadithi nilizopewa, 7 zilikuwa za Kilimanjaro. Zote 7 zilianza na mhusika yumo kwenye basi, ameiona theluji kwa mbali, machozi yanamlengalenga. Katika 5 kulikuwa na mama amesimama getini. Mama ana mikono migumu, mama ana tabasamu, mama ameandaa mtori. Mama hana jina. Mhusika anakaa siku 4, anajifunza jambo kuhusu maisha, anarudi Dar. Hakuna hata moja iliyobaki pale getini kuangalia mama anafanya nini basi likishaondoka. Nilizipa alama nzuri mbili kati ya hizo. Nilikuwa bado sijahamia.

Nimepanga Kiboriloni. Ukitokea hapo barabara inapanda kwenda Old Moshi, na Jumamosi nyingi huwa napanda kwa bodaboda kumwona bibi mmoja tuliyejuana kwa ndizi. Alikuwa anauza mkungu pale sokoni, akanipa simu yake nimsomee meseji, kwa sababu macho yamechoka na mjukuu aliyekuwa akimsomea amekwenda bweni. Meseji ilitoka kwa mtoto wa shemeji yake: ametuma elfu hamsini, naomba madirisha yafunguliwe magodoro yasifanye ukungu.

Bibi huyu ana miaka 74 na funguo za nyumba 4. Amezifunga kwa uzi wa katani, anazivaa kiunoni chini ya khanga. Nyumba moja ni ya mwanawe, nyingine 3 ni za jamaa. Zina vigae, zina majiko ya gesi ambayo nadhani hayajawashwa mara 20 tangu yanunuliwe, moja ina geti lenye simba 2 wa zege. Kila Alhamisi anazungukia zote, anafungua madirisha, anafagia majani ya migomba kwenye vibaraza, anafunga. Yeye mwenyewe analala kwenye nyumba yake ya zamani, karibu na ng'ombe.

Mwezi wa 7 nililala kwake siku moja kwa sababu ya mvua na utelezi. Mwezi wa 7 huko juu ni baridi ambayo mtu wa Temeke hana neno lake. Saa 2 usiku nikatoka nje nikaona taa zimetapakaa mteremko mzima, nikasema, "Bibi, kumbe huku kuna watu wengi hivi." Akacheka. "Hizo taa za nje, mwanangu. Zinajiwasha zenyewe."

Sasa niambieni, hilo halitoshi kuanzisha riwaya?

Na kuna mfereji. Wachagga walichimba mifereji ya kuteremsha maji kutoka mitoni mpaka kwenye vihamba kabla ya Mjerumani hajafika, na wageni wa kwanza walioandika habari za huku waliishangaa. Mfereji unaishi kwa zamu na kwa msaragambo: siku ikitangazwa, kila nyumba inatoa mtu na jembe, mnapanda kuuzibua. Kila nyumba. Bibi anasema siku hizi nyumba zinatoa hela. Mwenye geti la simba ni mtu mzuri, hajawahi kukataa, ukimpigia anatuma elfu ishirini kabla hujakata simu. Lakini elfu ishirini haishiki jembe. Unatafuta kijana wa kumlipa, na kijana yuko Dar anaendesha bodaboda, anasubiri Desemba aje kuhesabiwa. Msaragambo wa mwisho nilioshuhudia ulikuwa na watu 9. Wanawake 7, wote nadhani wamepita 60, mzee mmoja wanayemwita Meku, na mimi niliyekuwa nachukua picha mpaka nikaona aibu nikaweka simu mfukoni.

Haya yote yanaweza kusemwa na afisa kilimo. Kinachonihusu mimi, na kinachowahusu nyinyi wapenzi wa fasihi, ni jambo lililotokea mwezi wa 5 mwaka jana.

Jirani yake Bibi alifariki. Watoto wake 5 wako Dar, Mwanza, Dodoma na mmoja Marekani. Bibi akawaambia kuna dada mwandishi, anaweza kuwaandikia wasifu wa marehemu wa kusoma kanisani. Wakaniunganisha kwenye grupu lao la WhatsApp. Walikuwa watu wenye adabu, na walikuwa wanalia, hilo mniamini. Wakaleta tarehe ya kuzaliwa, ubatizo, kipaimara, ndoa, watoto 5, wajukuu 14. Wakaleta "mama mchapakazi na mcha Mungu." Nikasema asanteni, sasa naomba nijue miaka hii ya karibuni, tangu baba afariki, mama alikuwa anafanya nini huku nyumbani?

Kimya. Nikaona mmoja anaandika, anaacha, anaandika, anaacha. Halafu likaja jibu la yule mkubwa.

"Alikuwa anapumzika."

Nilipomsomea Bibi, alicheka mpaka akakohoa, kisha akalia, kisha akanieleza. Huyo aliyekuwa anapumzika alikuwa na ng'ombe 2, na majani ya ng'ombe aliyabeba kichwani kutoka chini. Ndiye aliyekuwa anashika zamu za mfereji kichwani, bila daftari, nyumba 30 na zaidi, na hakuna aliyewahi kumpinga. Akiwa na miaka 68 alimpeleka jirani baraza la kata kwa kung'oa masale ya mpaka, akashinda, na alipoombwa msamaha kwa sale mkononi, kama ilivyo desturi, alikaa siku 2 ndipo akalipokea. Aligombana na mwanawe aliyetaka kung'oa mibuni yote, akabakiza mistari 3 nyuma ya nyumba, kwa ubishi tu, maana kahawa hailipi. Yeye na Bibi hawakusemezana miaka 4 (sababu sikuambiwa). Walirudi kuzungumza Agosti moja, wote wawili wana homa, na kwenye kijia kile hakukuwa na mtu mwingine wa kumpelekea mwenzake maji.

Niliandika yote hayo isipokuwa homa. Ilikuwa kurasa 2, na katika miaka yangu ya kazi sidhani nimewahi kuandika kitu bora. Watoto wakasoma. Wakanijibu vizuri kabisa: "Dada, asante sana, ila hii ni ya kanisani." Wakapunguza. Kilichosomwa kilichukua dakika 3. Mama mchapakazi, mcha Mungu, miaka yake ya mwisho alikuwa akipumzika nyumbani kwake. Nilikaa benchi la nyuma nikasikiliza. Walinitumia elfu thelathini ya asante nami nikaipokea.

Nimeirudia sentensi ile kichwani mara nyingi. Siwachukii wale watoto, walisema walichokiona. Kila walipofika, mama alikuwa amekaa, kavaa kitenge kipya, nyumba imefagiliwa, mbuzi amefungwa. Alikuwa anapumzika kweli, siku zile 10. Lakini mwandishi kazi yake ni nini, kama na yeye anaona siku zile 10 tu? Tukifunua hadithi zetu nyingi za Moshi, zile za theluji na machozi ya basini, chini kabisa tutaikuta sentensi hiyo hiyo. Watu wa huku wanapumzika mpaka sisi tufike.

Najua majibu. La kwanza: wewe Mndengereko unatufundisha nini kuhusu kwetu? Sawa, tena ni jibu zuri. Mimi nina miaka 2 huku na Kichagga changu kinaishia kwenye "shimbonyi" na "aika", na hata hizo wananicheka, maana Mmachame ana yake na Mrombo ana yake. Basi andikeni nyinyi. Ningefurahi kunyamazishwa namna hiyo.

La pili ni zito zaidi: angalau wao wanarudi. Hapa sina ujanja. Kwetu Rufiji baba aliacha nyumba ya udongo na minazi 12. Mara ya mwisho kufika ilikuwa 2011. Nasikia ukuta wa nyuma umeanguka. Hatuna Desemba, hatuna utani wa kuhesabiwa, hakuna anayetupigia simu kuhusu magodoro. Hao ninaowasema wamejenga, wanasomesha, wanazikana kwenye vihamba vyao hata mtu akifia ng'ambo. Nawaonea wivu, na pengine ndio maana nina hasira. Mtu mwenye mahali pa kurudi anapoandika kana kwamba hapo pameanza siku aliyofika yeye, sisi tusio napo tunaona anachezea mali.

Wala msiniambie kwamba huku hakuna utamaduni wa kuandika. Mwaka 1947 Petro Itosi Marealle alichapisha Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera, kwa Kiswahili. Si riwaya, lakini ni kitabu cha mtu aliyekaa. Hata ahera imo. Miaka ya 1950 mji huu ulikuwa na gazeti lake la Kiswahili, Komkya, jina ambalo kwa Kichagga ni kama kusema kumekucha, na wasomaji wa milimani waliliandikia barua wakibishana mambo yao. Yaani watu wa Moshi waliwaandikia watu wa Moshi, bila kumsubiri mtu ashuke kwenye basi. Mimi mwanahabari, nimesoma chuo kikuu, nimefanya kazi magazetini miaka yote hiyo, jina Komkya nimelisikia kwa mara ya kwanza nikiwa tayari nakaa Kiboriloni.

Tumepoteza hata maneno. Neno "Mangi" nililijua tangu utotoni: ni mtu wa dukani. Nenda kwa Mangi kaniletee chumvi. Nchi nzima tunasema hivyo. Nimekuja kusimama Old Moshi, mahali ambapo Machi 2, 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli pamoja na wenzake, na kichwa chake kinaaminika kilipelekwa Ujerumani. Ukoo wake umekitafuta miaka na miaka. Mwaka 2023 vipimo vya vinasaba huko Berlin viliwatambua baadhi ya waliochukuliwa, akiwemo mshauri wake. Meli mwenyewe bado. Katika mlima ambao kila mtu lazima arudi nyumbani, maarufu kuliko wote hajarudi, na sisi jina lake tumelibandika kwenye kaunta ya sukari na vocha. Sisemi tuache, maneno yanasafiri, ndiyo kazi yake. Nasema mwandishi anapaswa kujua neno limetoka wapi kabla hajalifanyia utani wa mara ya mia.

Nataka nini? Nataka hadithi inayoanza Januari 7. Basi limeshaondoka, mbuzi amebaki ngozi, kwenye jokofu kuna soda nusu ambayo hakuna atakayeinywa. Nataka riwaya ya masika ya huku, ambayo barabara inakatika na mgonjwa anashushwa kwa machela. Nataka mtu aandike ule ubishi wa masale mbele ya baraza la kata, kila neno. Nataka Kiboriloni saa 11 alfajiri wakati marobota ya mitumba yanafunguliwa, na kijana anayejua kwa kunusa tu robota lipi lina makoti. Nataka mama getini apewe jina, na ugomvi, na dhambi moja au mbili. Theluji ikitokea, itokee kama inavyomtokea yule mama wa maandazi: upo, haya, nipishe nikaange.

Ninapoandika hapa ni Oktoba. Kule juu simu zimeanza. Jumamosi iliyopita Bibi alinipa simu yake nimsomee meseji 3. Mmoja anauliza kama fundi anaweza kuja kupaka rangi geti, simba wamefifia. Mwingine anataka kujua bei ya mbuzi. Wa tatu ametuma elfu arobaini za usafi na amemwita mama yetu mpendwa.

"Nikujibie nini, Bibi?"

Alikuwa anamenya ndizi, hakuinua kichwa. "Mwambie wa geti fundi aje. Halafu waambie wote mfereji umeziba tangu Agosti."

Nikaandika hivyo hivyo, nikawatumia wote 3. Wa geti amejibu kuhusu geti.